Sekunde 26 za Mtaala Mpya

Kuna kauli imeshakuwa wimbo katika vikao vya elimu huku Nyanda za Juu Kusini: mtaala ni mzuri, shida walimu hawataki kubadilika. Nimeisikia Mbeya mjini, nimeisikia Makambako, na mwezi uliopita nimeisikia tena ndani ya Coaster ya Tukuyu kutoka kwa mzazi aliyekuwa na uchungu kweli. Mwanawe yuko Darasa la Tano, kundi lile lililoanza na mtaala mpya Januari 2024 likiwa Darasa la Tatu, na daftari lake limejaa nukuu za kunakili ubaoni. "Kama sisi enzi zetu," akasema.

Mzazi huyu hajaona vibaya. Neno umahiri, yaani mtoto aweze kutenda badala ya kukariri, halikuja na Toleo la 2023 la Sera ya Elimu lililozaa mtaala huu. Mitaala ya mwaka 2005 ilishalihubiri, na miaka karibu 20 ikapita chaki ikitawala vilevile. Wapo walimu ambao vishikwambi walivyopewa baada ya Sensa ya 2022 vimeonyesha mechi nyingi kuliko vitabu vya maktaba mtandao ya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania. Zipo shule ambako MEWAKA, yaani mafunzo endelevu yanayofanyika shuleni kwenyewe, yameishia kwenye saini za mahudhurio na chai. Na yupo yule mwalimu tunayemjua sote, ambaye andalio lake la somo ni lilelile tangu alipotoka chuoni, kinachobadilika ni tarehe. Kumtetea huyo siwezi.

Ila twende darasani kwanza.

Machi mwaka jana nilikaa dawati la nyuma kwenye Darasa la Nne la shule moja ya bondeni, chini ya Tukuyu. Mvua inapiga bati, watoto 92. Hisabati, mada ujazo: lita na mililita. Mwalimu, dada wa miaka thelathini hivi, alikuwa amewaagiza waje na chupa tupu za maji. Beseni na jagi la lita mbili kavibeba mwenyewe kutoka kwake. Kawagawa makundi tisa, kisha akauliza: chupa ngapi za nusu lita zitajaza jagi hili? Wengine wakasema mbili, wengine kumi. Wakaanza kubishana, nusu Kiswahili nusu Kinyakyusa, na pembeni yangu binti mmoja akamweleza mwenzake kwa lugha ya nyumbani jambo ambalo mwalimu alikuwa amelisema mara mbili kwa Kiswahili bila kumwingia. Yule mwenzake akacheka, akainua vidole vinne. Waandishi wa mtaala wangekuwepo wangefurahi.

Sasa tupige hesabu. Kipindi ni dakika 40, yaani sekunde 2,400. Gawanya kwa watoto 92: kila mmoja anapata sekunde 26. Hapo hujatoa muda wa kupanga makundi, kunyamazisha, na kupiga deki maji yaliyomwagika. Nilipima kwa simu: mtoto mmoja kumimina chupa moja ndani ya jagi, kwa uangalifu, sekunde 20. Zinabaki sita za kueleza alichokiona. Zamani mwalimu alitakiwa aseme na darasa. Leo anatakiwa amwone kila mtoto akitenda, kisha aandike kama amefikia umahiri au bado, na hiyo kazi yote imepewa sekunde 26. Kwa uwiano wa serikali yenyewe, mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, zingekuwa 53. Bado ni chache, lakini angalau mtoto angemimina na kusema neno.

Hesabu hii imeninyima usingizi, maana haiishii darasani. Madaftari 92, kila moja dakika mbili tu, ni saa tatu na dakika nne. Hilo ni somo moja, na dada yule alikuwa na masomo matatu. Kwa hiyo kesho yake nilipomkuta ananakilisha ubaoni sikushangaa. Kunakilisha ndiyo njia ya kufundisha watoto 92 ambayo mtu anaweza kuirudia Jumatatu hadi Ijumaa na jioni akabaki na nguvu ya kusonga ugali.

Utaniambia: mbona hata kwenye watoto wachache hali ni ileile? Nimefika shule moja ya Makete, darasa lina watoto 31. Kwa kipindi kizima hizo ni sekunde 77 kwa mtoto, neema. Ila walimu ni watano shule nzima, na yule niliyemtembelea alishika madarasa mawili kwa wakati mmoja, akiwapa hawa zoezi huku anakimbilia kwa wale. Gawa kwa mbili, tumerudi kwenye thelathini na kitu.

Na lile somo la jagi lilitoka wapi? Si semina ya wilaya, ya projekta na bunguabongo; hiyo dada huyo aliikumbuka kwa posho iliyochelewa. Somo lilizaliwa Alhamisi mchana kwenye ofisi ya walimu, wenzake wawili wa Hisabati wakiandaa naye, baada ya mwalimu mkuu kuwapunguzia vipindi siku hiyo. Wazo la jagi lilikuwa la mzee wa miaka 57, anayehesabu miezi ya kustaafu, mtu wa rika lilelile linalosemwa halibadiliki.

NECTA, Baraza la Mitihani, iliacha kutangaza shule bora kumi mwaka 2023, lakini kwenye vikao vya kata shule bado zinapangwa kwa matokeo, na mwalimu aliyetumia vipindi vitatu kwenye ujazo ataulizwa kwa nini amebaki nyuma ya azimio la kazi, ule mpango wa mada za muhula. Na kwa kuwa shule ya msingi ya mtaala mpya inaishia Darasa la Sita, mwaka 2027 Darasa la Sita la mtaala mpya na la Saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja, Januari 2028 wote wanaingia Kidato cha Kwanza. Walimu wa sekondari nao waanze kugawanya 2,400.

Kabla sijaondoka bondeni, dada yule alinionyesha karatasi ya upimaji: majina 92, mbele ya kila jina tiki ya "amefikia". Nikamuuliza kuhusu kijana wa kundi la mwisho, aliyekaa kipindi kizima amekumbatia chupa yake, kengele ikalia zamu yake haijafika. Akaitafuta tiki yake kwa kidole.

"Huyu nimempa ya kundi," akasema, akaikunja karatasi ipelekwe kwa Afisa Elimu Kata.