Sikulamba, Nilinusa Tu

Jamani, kabla hamjaendelea kunitumia hizo stika za paka: SIKULAMBA. Nilinusa. Shoga yangu aliyeandika kwenye status kwamba nimelamba kidole nilichochomeka kwenye chungu cha ua (anajijua, na hela ya vikoba bado namdai) hakuwepo hata sebuleni. Alikuwa jikoni anamenya vitunguu.

Lile ua ni ZZ, mmea wa kupambia ndani, zawadi ya mama mkwe tulipohamia Tabata. "Hili halifi," alisema, "hata ukilisahau." Na kweli, mmea wenyewe ni wa huku huku, unaota mwituni toka Kenya mpaka Afrika Kusini, na chini una viazi vinavyotunza maji. Ulitaka kusahauliwa tu. Mimi nikaulea kama mtoto aliyepungua uzito kliniki. Majani yakageuka manjano, nikaongeza maji. Yakazidi, nikazidisha. Jirani akasema jaribu maji ya kuoshea dagaa, ni mbolea hiyo. Nikamwaga siku tano mfululizo.

Wenye paka mmeshaanza kucheka. Nyamazeni kwanza.

Jumamosi mama mkwe huyo mlangoni, bila hodi ya simu. Shikamoo haijapoa, macho yako kwenye chungu. "Mbona limenyong'onyea hivi?"

Nikajitia bwana shamba. Nikapiga magoti. "Mama, udongo haupimwi kwa macho, unapimwa kwa kidole." Nikachomeka kidole cha shahada taratibu, kwa madaha. Pingili ya kwanza, unyevu. Pingili ya pili, ulaini. Ulaini wenye kaujotojoto. Moyoni nikasema hao ni dagaa, mbolea imekubali! Nikakichomoa polepole. Kinang'aa. Muuza miche aliniambia udongo mzuri hunukia kama mvua ya kwanza, basi nikakisogeza puani, nikafumba macho, nikavuta ile pumzi ya kufunua sufuria ya pilau.

Nyie.

Machozi yalitangulia akili. Na mama mkwe, kainama kabisa, anauliza kwa upole: "Inanukaje, mwanangu?"

Nikajibu, "Ya asili, mama."

Ndipo Mheshimiwa, paka wangu, akatoka chini ya kochi. Akapanda kwenye chungu, akazunguka mara mbili, akafukua kashimo pembeni ya shimo la kidole changu, akachuchumaa. Mama mkwe anamtazama, na yeye anamtazama mama mkwe, hapepesi. Alipomaliza akafukia, kwa adabu zote. Mama akaangalia paka, akaangalia kidole ambacho bado nilikuwa nimekinyoosha kama mtangazaji wa hali ya hewa, akavuta mtandio mpaka puani.

Jikoni kitunguu kikaanguka. Hapo ndipo habari ilipotoka.

Mengine ni mafupi. Nilinawa kwa sabuni ya unga, ndimu, kisha dawa ya choo. Ua tuliling'oa: viazi vyote uji, kimepona kimoja. Kimepandwa upya, mchanga mwingi, kokoto juu, kipo juu ya friji na maji hakioni. Mheshimiwa kanunuliwa beseni lake la mchanga. Amelikagua, halafu analilalia.

Mama mkwe aliondoka vizuri tu, ila aliniaga kwa kupunga mkono, na si kawaida yake.

Jana kwenye vikoba karanga zikazungushwa. Kila mtu alichota kwa mkono. Nilipofikiwa mimi, wakaniletea kijiko.