Glukosi ya Mgonjwa

Arabinozi iliisha. Ni sukari ya bei mbaya, na mwenzangu wa maabara hana subira ya kungoja stoo. "Sukari ni sukari, bwana," akasema, akachanganya sahani zake za kukuzia bakteria peke yake.

Tulikuwa tunapima kazi ya asidi amino (tofali la protini) moja tu: tairosini ya 66 katika GFP, protini ya yavuyavu inayong'aa kijani. Kundi moja la bakteria E. coli lilipewa jeni ya kawaida, la pili jeni ambayo tairosini hiyo imegeuzwa histidini, asidi amino nyingine, inayotakiwa kung'aa buluu. Ili jeni iingie, ikiwa kwenye plazimidi (kiduara cha DNA): kalsiamu kloridi, barafu, maji ya nyuzi 42 kwa sekunde 50, barafu tena dakika 2, kisha sahani zenye ampisilini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 100 kwa lita. Usiku kucha kwenye nyuzi 37.

Asubuhi bakteria wamejaa, weupe, wanene, wamenawiri kama watoto wa tajiri. Tukazima taa, tukawasha tochi ya urujuanimno. Giza.

Jamaa akaishuku tochi. Akamulika noti mfukoni mwake. Alama zikawaka zote. Basi akachukua kalamu, akaandika: "Tairosini au histidini, matokeo ni yale yale." Uongo hapo hamna! Ila sahani ya jeni ya kawaida ndiyo ya kulinganishia, na yenyewe ikiwa giza, ile ya pili haina la kukueleza.

Nikageuka, nikaliona kopo la glukosi, ile ya kupelekea wagonjwa.

Kinga ya ampisilini kwenye plazimidi ile haihitaji sukari yoyote, ndiyo maana walikua vizuri. Jeni ya GFP ni habari nyingine: protini AraC imeukunja uzi wa DNA na kuufunga, na haiachii mpaka ishikwe na arabinozi. Glukosi haifungui. Tena hata ungeweka arabinozi pembeni yake, glukosi hushusha cAMP, molekuli ya ishara inayosaidia kuwasha jeni hiyo, na swichi inazubaa.

Arabinozi ilipofika tuliweka gramu 6 kwa lita, tukawahamishia humo bakteria wale wale. Kesho yake kijani ikawaka, na kando yake buluu iliyofifia.

Kopo likahukumiwa kutupwa, maana kilichoingia maabara hakirudi jikoni. Lilikuwa bado nusu. Jamaa alililia kuliko alivyozililia sahani.