Karanga kwenye kopi ya NIDA

Mwezi wa saba nilikuwa likizo Dar. Pale stendi ya Mwenge nikanunua karanga za mia tano, na kile kikaratasi kilikuwa kopi ya kitambulisho cha mtu. Picha imefifia, ila namba zote 20 za NIDA, ile mamlaka ya vitambulisho vya taifa, zinasomeka. Na kwa kuwa namba huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, umri wa yule bwana niliujua kabla sijamaliza karanga.

Naishi Tallinn, Estonia, huu mwaka wa sita. Baridi yao sitaisifia hata kwa dawa, lakini kwenye vitambulisho jamaa wametuacha mbali. Namba yangu ya utambulisho kule ina tarakimu 11 na si siri. Ukiijua, hufiki nayo popote. Kazi yote iko kwenye chipu ya kadi na namba mbili za siri nilizonazo mimi kichwani, moja ya kuingilia na nyingine ya kutia sahihi. Mkataba wa chumba niliusaini nimekaa kitandani. Tena kwenye tovuti ya serikali naweza kutazama ni ofisi ipi imefungua taarifa zangu.

Si kwamba wao ni malaika. Mwaka 2017 iligundulika kasoro kwenye chipu za kadi kama 750,000. Serikali ikatangaza hadharani, na mwezi wa Novemba ikazima kadi hizo kwa huduma za mtandaoni mpaka zihuishwe. Usumbufu ulikuwepo, ila hakuna aliyefichwa.

Sisi NIDA tunayo tangu 2008, alama za vidole tumetoa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Halafu kila unapokwenda unaambiwa: lete kopi. Kadi inayothibitishwa kwa alama za vidole inageuzwa picha ya steshenari ya shilingi mia. Wanaoogopa kitambulisho kimoja kwa kila jambo nawaelewa, ila mimi naogopa zaidi hizo kopi. Taasisi ithibitishe namba kwa kidole cha mwenyewe, na kila namba yangu inapoulizwa nipate meseji. Kukusanya kopi kupigwe marufuku. Wenye steshenari mnisamehe.

Mwanzo mzuri tunao: *106#, unabonyeza kwenye simu unaona laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Nikiwa bado kwenye ile likizo nilimpigia mama, yuko Tabata, nikamwambia abonyeze. Ana laini mbili, zikaja nne.

“Mwanangu, hizi mbili za nani tena?”

Tukakumbuka Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa kidole zilipoanza kuzimwa na watu wakajaa foleni. Kijana wa mwavuli, wale wanaosajili laini barabarani, alimwambia, “Mama, kidole hakijasoma, weka tena.” Akaweka. Akaambiwa tena, akaweka. Kidole chenyewe kimelainika kwa miaka ya kukuna nazi, angejuaje kama kinasajili laini nyingine?

Kesho yake tukaenda wote kwenye duka la kampuni ya simu kuzifuta. Mama katoa kadi halisi mkobani, kidole yuko tayari kukiweka. Dada wa kaunta aliitazama kadi, akairudisha kwa heshima zote.

“Samahani mama, tunaomba kopi. Steshenari ipo hapo ng'ambo.”