Wameibuka lini tena?
Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema wanawake watunzi wa tamthilia huku kwetu Tanzania "wameibuka" miaka hii ya karibuni. Wameibuka wapi, ndugu yangu? Mtunzi wetu Penina Muhando alitoa tamthilia ya Hatia mwaka 1972 na Nguzo Mama mwaka 1982. Hiyo ya pili tuliicheza shuleni. Humo wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo, na nguzo yetu ilikuwa mlingoti wa goli tuliouazima uwanjani. Kila ukiinuka kidogo, akina mama hao wanagombana, unaanguka puu! Ukumbi mzima kicheko. Matroni wetu, kakaa mbele na kitenge chake begani, hakucheka hata kidogo. Baadaye akatuuliza, "Na wanaume walikuwa wapi muda wote huo?" Hatukuwa na jibu.

Halafu kuna Tuseme, mradi wa maigizo ya wasichana shuleni, ulioanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, Muhando na mwenzake Amandina Lihamba wakiwa mstari wa mbele. Wasichana wa sekondari wanatunga igizo la yanayowakuta, wanaliigiza mbele ya walimu walewale ambao igizo linawasema. Hapo mwalimu atakimbilia wapi? Kwangu mimi hilo lina makali kuliko maonyesho ya tiketi mjini.

Shida ni vitabu. Nguzo Mama nimeitafuta maduka matatu, nikaishia kutoa kopi ya rafiki.