Mjapani akivurugwa Paris, aongee na nani?

Watu wakisikia "Paris Syndrome" wanacheka, eti Mjapani kafika Paris kakuta jiji chafu, weita kanuna, basi akili ikaruka. Mi naona tunacheka mapema. Jina hilo lilitoka kwa Hiroaki Ota, daktari wa akili Mjapani aliyekuwa hospitali ya Sainte-Anne hukohuko Paris, na ripoti yake na wenzake ya 2004 ilihesabu Wajapani 63 waliolazwa tangu 1988. Miaka 16 hiyo, watu 63, na wengine walianza kuumwa kabla hata ya kupanda ndege, kwa hiyo tuache kulaumu mnara wa Eiffel.

Cha maana hapo ni kwamba walipata daktari wa kuongea naye Kijapani. Jaribu kumweleza mtu kwa Kifaransa cha kuombea maji kwamba unasikia sauti zinakusema, utaishia kuonekana mlevi tu. Na Kijapani chenyewe kina mambo yake, mtu anakwambia "daijobu", yaani niko poa, huku anazama, sasa daktari mgeni ataandika mgonjwa yuko poa amruhusu.

Ila kuna upande wa pili, na una uzito. Chukua mke wa mfanyakazi wa kampuni aliyehamishiwa Düsseldorf, Ujerumani, anashinda ndani, mume anarudi usiku, na Wajapani wote anaowajua ni wake wa mabosi wa mumewe au mama wa watoto wa shule moja. Huyo akionekana anaingia kwa daktari wa Kijapani, hata kama daktari hasemi kitu, jumapili kila mtu anajua. Kwake daktari Mjerumani asiyemjua mtu ndiyo nafuu, lugha ikwame kidogo poa tu.

Ndo maana kuchati na mshauri bila kutaja jina naona kuna akili. 2021 wizara ya mambo ya nje ya Japan ilianza kuwaelekeza raia walioko nje kwa mashirika ya namna hiyo, mojawapo Anata no Ibasho, wanaopokea meseji saa 24. Sawa, chati haiwezi kuja kukutoa hotelini ukiwa umejifungia siku tatu, hapo anatakiwa daktari wa karibu na ambulansi, kwa lugha yoyote ile. Lakini kabla hujafika huko, inatosha.

Halafu zamu zao za kujibu zinavyopangwa inafurahisha, usiku wa manane wa Japan meseji zinajibiwa na Wajapani wanaoishi nje, maana kwao bado mchana. Yaani mpweke wa Tokyo anasikilizwa na mtu aliyeko ugenini, na huyo wa ugenini akibanwa saa za usiku wake, Tokyo kumeshakucha.