Upepo wa Tairi la Pikapu Uamuliwe na Mzigo

Simama kwenye banda lolote la pancha kando ya barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, uwasikilize wenye pikapu wakijaza upepo. Fundi anauliza, "Tuweke ngapi, bosi?" Bosi anatupia jicho tairi moja, anasema 40, yaani psi 40, kipimo cha msukumo wa upepo. Zote? Zote. Gari likiwa tupu ni 40, likishuka na tani ya viazi kutoka Njombe ni 40 ile ile, mbele na nyuma. Wengine huagiza 30 kwa sababu gari halirushi. Wengine husoma ubavuni mwa tairi, wakiona 80 wanataka 80. Kwa maoni yangu wote hao wanataja namba kabla hawajajua gari limebeba nini.

Kwenye gari dogo la kutembelea kosa hilo halina makali sana, maana likiwa na dereva peke yake au na familia nzima, uzito haubadiliki kwa kiasi cha kutisha. Pikapu ni habari nyingine. Ikiwa tupu, nyuma ni nyepesi na injini inaelemea mbele. Pakia tani moja, na ekseli ya nyuma inabeba karibu mara mbili ya ilichokuwa ikibeba asubuhi, wakati mbele pameongezeka kidogo tu. Na kinachoubeba mzigo huo ni upepo uliomo ndani ya tairi, mpira ni wa kuuzuia upepo usitoke. Ndiyo maana huwa nashangaa mtu anapoongeza springi nyuma ili abebe zaidi, halafu upepo anauacha ule ule wa siku zote.

Chukua tairi lililoandikwa LT265/70R17 121/118 (LT ni tairi la magari madogo ya mizigo), linalopendwa sana na wenye pikapu kwa sababu ni la plai 10, yaani la daraja la uimara wa tabaka 10. Ile 121 ni alama ya uzito: tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 1,450. Ile 118 ni kilo 1,320, kwa magari yenye matairi pacha nyuma, kwa kuwa pacha hawagawani mzigo sawasawa. Pembeni kwa herufi ndogo utakuta kwamba hizo kilo 1,450 zinapatikana tairi likiwa na psi 80, na limepoa. Kwa hiyo ile 80 si amri ya kujaza. Ni upepo unaohitajika ili tairi libebe mzigo wake wote. Ukijaza 80 kwenye pikapu tupu, nyuma inadunda kwenye kila tuta, tairi linakanyaga kwa katikati tu, kashata (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara) za kati zinaisha kabla ya za pembeni, na siku ya mvua breki zinakuwa za kubahatisha.

Upande wa pili wa jambo hili husemwa mara chache zaidi, na ndio ulio hatari. Tairi la LT likiwekwa 35 linabeba mzigo mdogo kuliko tairi la kawaida la saizi hiyo hiyo lenye 35. Limetengenezwa lifanye kazi kwa upepo mkubwa. Mtu ametoa fedha nyingi kununua plai 10, kaliwekea upepo wa gari dogo, na sasa ana uwezo pungufu ya alionao jirani yake mwenye tairi la bei nafuu.

Watengenezaji wa matairi hutoa jedwali la mzigo na upepo kwa kila saizi, na hilo ndilo la kufuata ukilipata. Ukilikosa, ipo hesabu rahisi: gawa mzigo wa tairi kwa mzigo wake wa juu, kisha zidisha kwa upepo wake wa juu. Tuseme ekseli ya nyuma imebeba kilo 1,800, yaani 900 kila tairi. Gawa 900 kwa 1,450, zidisha kwa 80, unapata kama 50. Mbele penye kilo 650 kila tairi unapata 36. Kwa matairi ya aina hii hesabu hiyo huangukia juu kidogo ya jedwali, na mimi nikilazimika kukosea, nataka nikosee upande huo. Ila usishuke chini ya namba ya kibandiko cha mlangoni, kile cha kiwanda kinachotaja upepo wa matairi.

Sasa hizo kilo utazipata wapi? Hapo ndipo sheria inatuacha. Sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki inahusu magari kuanzia kilo 3,500, kwa hiyo pikapu nyingi zinapita Vigwaza bila kugusa mizani, na mwenye gari anaweza kulimiliki mpaka analiuza asijue ekseli zake zina uzito gani. Tafuta kiwanda au ghala la mazao lenye mizani ya magari. Pandisha magurudumu ya mbele peke yake, soma, kisha gari zima. Ukitoa, kinachobaki ni cha nyuma. Fanya likiwa tupu, rudia likiwa na mzigo wako wa kawaida, na kazi imekwisha kwa miaka.

Kuhusu kibandiko chenyewe, kiheshimu lakini kisome chote. Kinataja saizi ya tairi lililotoka nalo kiwandani, na kama umeshabadilisha saizi au aina, namba zake si zako tena moja kwa moja. Magari mengi ya Japani huandika kwa kilopaskali: 240 ni sawa na psi 35. Na kama gari lako lina taa ya kuonya upepo, usiifanye mlinzi wako. Kwa kipimo cha sheria ya Marekani, taa hiyo huwaka upepo ukipungua robo chini ya namba ya kiwandani. Kiwanda kikiwa kilisema 35, haitawaka mpaka ufike kama 26, wakati tairi lako lenye mzigo lilihitaji 50.

Sheria hiyo ya taa ilizaliwa na msiba. Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kurudisha matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, baada ya kashata kubanduka barabarani na watu kufa. Ford ilikuwa imependekeza psi 26, Firestone ikataka 30, na kampuni hizo mbili zikatupiana lawama hadharani. Sitaki kusema upepo peke yake ndio ulioua, maana matairi yenyewe yalionekana kuwa na kasoro. Lakini tairi lenye upepo mdogo, mzigo, mwendo na joto havikai pamoja. Ubavu unajikunja kila mzunguko, kujikunja kunaleta moto, na moto unaachanisha mpira na nyuzi zake.

Ndiyo maana kosa linaloniudhi kuliko yote ni la Chalinze saa saba mchana. Dereva anapima tairi likiwa na moto, anakuta 56 badala ya 50, anamwambia fundi apunguze. Kupanda huko ni kawaida kabisa. Kila namba niliyoitaja ni ya asubuhi, gari likiwa limelala. Ukipunguza mchana, kesho unaamka na 44 na mzigo ule ule.

Geji yako mwenyewe ni ya lazima. Teke halitofautishi 35 na 50 kwenye tairi la plai 10, kwa ugumu wa ubavu wake, na geji za mabandani zimeanguka chini mara nyingi mno.

Na spea ile inayoning'inia chini ya bodi, yenye tope la mwaka juzi, iwekee upepo wa nyuma yenye mzigo. Ikihitajika mbele, kupunguza ni kazi ya kijiti. Kuongeza kunataka kompresa, na usiku katikati ya Mikumi utalala ndani ya gari ukisubiri kupambazuke.