Hajui Hesabu, au Neno Limechelewa?

Mtoto wa Gredi ya Nne mjini Kisumu anaulizwa saba mara nane. Anatazama dari. Kabla hajafungua kinywa, mwenzake ameshasema hamsini na sita, makofi yamepigwa. Muhula ukiisha, ripoti inasema ni dhaifu wa hisabati.

Hukumu hiyo naitilia shaka. Tangu miaka ya 1970, watafiti Denckla na Rudel walipowapa watoto karatasi yenye vitu 50 (rangi, picha, herufi au tarakimu) wavitaje mbiombio, tunajua kasi ya kutaja ni uwezo wa pekee. Wengi wenye shida ya kusoma huwa wazito hapo, na baadhi ya wenye shida ya hesabu pia. Wingi wanauona, jina ndilo linalokawia.

Tena kuna kumbukumbu ya maneno. Kichwa hushika takribani kile kinachotamkika kwa sekunde mbili. Mwaka 1980 watafiti Ellis na Hennelly walionyesha kuwa tarakimu za Kiwelisi, lugha ya Wales, huchukua muda zaidi kutamka kuliko za Kiingereza, hivyo watu wale wale hukumbuka chache wakitumia Kiwelisi. Sasa tuhesabu silabi za kwetu. Saba ina mbili, sawa na Kiingereza. Kwa Dholuo, lugha ya Waluo, ni abiriyo, nne. Thelathini na saba ni silabi saba, Kiingereza kinamaliza kwa nne. Mtoto anayehesabu moyoni kwa Dholuo, akaulizwa kwa Kiingereza, akakosolewa kwa Kiswahili, anabeba mzigo ambao hesabu za kichwa haziupimi. Zinauadhibu tu.

Walimu wana hoja, lakini. Asiyejua jedwali la kuzidisha kwa moyo atakwama kwenye kugawanya, maana akili yote imeishia vidoleni. Na wapo wanaotaja rangi na picha vizuri, ila tarakimu zinawakwama. Hao huenda shida yao ni idadi yenyewe: diskalkulia, inayokadiriwa kuwapata watoto 3 hadi 7 katika kila 100.

Kuanza kuwatofautisha hakuhitaji mashine. Mwaga vifuniko vya soda mezani, mafungu mawili, aonyeshe kwa kidole lililo kubwa. Kisha mpe swali lile lile la saba mara nane kwa maandishi, bila saa. Anayeshindwa hata hapo ndiye wa kupelekwa EARC, kituo cha kutathmini mahitaji ya watoto kielimu, akapimwe. Yule wa dari mara nyingi ameshaandika 56 ukingoni mwa daftari, mwalimu akiwa dawati la tatu mbele.